Saundi kadi ipi ninunue? Anza na ncha za waya

Mwezi wa kumi, minada ya korosho ikishafunguliwa na hela za kwanza zikaingia mifukoni, simu yangu haikai kimya. Wanapiga vijana wa Masasi, wa Newala, wa hapahapa Mtwara mjini, na swali ni lilelile: "Kaka, saundi kadi gani nzuri?" Msimu uliopita alinipigia kijana wa Nanyamba. Ana laptopu, anataka kurekodi nyimbo zake, anataka pia kumrekodi bibi yake mzaa baba ambaye bado anazikumbuka hadithi za zamani kwa Kimakonde, na jioni anataka kusikiliza muziki kwa hedifoni bila kumkera mwenye nyumba. Alishaperuzi picha mtandaoni mpaka macho yakamuuma. Moja imeandikwa 192 kHz, nyingine 24-bit, nyingine USB-C, nyingine ina taa za kuwakawaka. Alichotaka kwangu ni jina tu, atume hela Kariakoo, mzigo upande basi la usiku.

Sikumtajia jina. Nilimwambia achukue daftari aandike vitu vyote atakavyochomeka kwa wakati mmoja, kisha upande wa pili aandike atasikilizia nini. Alidhani namzungusha. Lakini sijui njia nyingine ya kujibu swali lile, kwa sababu saundi kadi yenyewe ni kiboksi tu kinachokaa katikati ya maiki, laptopu na hedifoni. Kinachoamua ni vilivyopo kwenye ncha za waya, huku na huku.

Ndani ya kiboksi kuna kazi nne zinafanyika. Sauti ikigonga maiki inageuka umeme mdogo mno, kwa hiyo kwanza kuna kikuzaji cha kuunyanyua, wenyewe tunakiita priampu. Kisha kuna kigeuzi kinachoupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuuandika kama namba. Namba hizo ndizo zinazopita kwenye waya wa USB kwenda kwenye laptopu. Zikirudi, kigeuzi kingine kinazifanya umeme tena, na mwisho kikuzaji kingine kinausukuma hadi kwenye hedifoni. Anayerekodi anaishi na zile kazi mbili za mwanzo, anayesikiliza anaishi na mbili za mwisho. Matangazo hupenda kukusimulia habari za vigeuzi, kwa kuwa ndivyo vyenye namba kubwa za kupendeza, na vigeuzi ndiyo sehemu ambayo siku hizi haina matatizo. Hata kadi za bei ya kawaida zina vigeuzi ambavyo studio kubwa za miaka ya tisini zingevionea wivu. Kiwanda kikitaka kupunguza gharama, hubana kwenye vikuzaji, vya maiki na vya hedifoni, na hivyo ndivyo vinavyoandikwa kwa herufi ndogo.

Hizo 192 kHz maana yake kigeuzi kinapima sauti mara 192,000 kwa sekunde. Ili kuinasa sauti ya kimo fulani inabidi uipime angalau mara mbili ya kimo hicho, na sikio la binadamu, likiwa bado changa, linaishia kama 20 kHz. Ndiyo maana CD, zilipoingia sokoni mwaka 1982, zilichagua 44.1 kHz, na ndiyo maana video hutumia 48 kHz. Juu ya hapo unanasa vitu ambavyo popo atavifurahia kuliko wewe. Piga hesabu mwenyewe: dakika moja ya sauti ya pande mbili, biti 24, kwa 48 kHz inakula megabaiti 17 na kidogo, kwa 192 kHz inakula 69. Mtu mwenye diski iliyokaribia kujaa na bando la kununua kwa siku, hiyo ni hasara bila faida. Rekodi kwa 48, lala usingizi.

Biti, yaani idadi ya tarakimu zinazotumika kuandika kila kipimo, ni habari nyingine, na hapa kidogo nitakaa. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini ya mashine. Biti 24, kwenye karatasi, zinakupa 144, ingawa hakuna kadi inayofika huko. Nzuri zinaishia 110 hadi 120. Sasa toka kwenye karatasi uingie chumbani kwako. Usiku, feni imezimwa, chumba cha kawaida bado kina kelele ya desibeli 30 hivi. Mtu akiongea karibu na maiki anafika 75, labda 80. Pengo kati ya sauti yake na kelele ya chumba ni 50 tu. Yaani hata zile biti 16 za CD ni kubwa kuliko chumba chako, na hapo sijawasha feni wala mvua haijanyesha kwenye bati.

Biti 24 nazitaka kwa sababu moja: zinakuruhusu kurekodi kwa unyonge. Zamani tulikuwa tunasukuma sauti mpaka taa nyekundu ili tuikimbie kelele ya mashine, halafu mwimbaji akipaza kwenye kiitikio sauti inapasuka, na ikishapasuka haishoneki. Ukiwa na biti 24, mwambie mwimbaji aimbe pale anapopaza zaidi, weka kipimo kisivuke desibeli 12 chini ya mwisho, na hata akipata mori katikati ya wimbo bado una akiba. Zipo kadi mpya za biti 32 ambazo hata hilo la kuweka kipimo hazilihitaji, kama Zoom UAC-232. Ni akili nzuri. Kwa mtu wa maiki moja nyumbani naona ni anasa, ila kwa anayerekodi ngoma za jando zenye mtu wa kupiga kelele asiyetabirika, ningemwelewa.

Turudi kwenye priampu, maana huko ndiko watu wanakoliwa.

Chukua Shure SM58, maiki ya dainamiki (isiyohitaji kulishwa umeme) iliyotoka mwaka 1966 na ambayo hata usipoijua jina umeshaiona kwenye mikono ya mchungaji au mshereheshaji. Sauti ya nguvu ya desibeli 94 ikiipiga, inatoa milivolti 1.85. Vifaa vya studio vinazungumza kwa volti 1.23. Kutoka kwenye ile ndogo mpaka kwenye hii kubwa ni kuzidisha zaidi ya mara mia sita na sitini, na kwa lugha ya mafundi ni desibeli 56. Hiyo ndiyo geini, na hiyo ndiyo namba ya kuisaka kwenye karatasi ya kadi kabla ya namba nyingine yoyote. Bibi akisimulia hadithi kwa sauti ya chini hafiki desibeli 94, kwa hiyo utahitaji zaidi ya hapo. Maiki ya Shure SM7B, ambayo vijana wanaiona kwenye kila podikasti na kuitamani, ni nyonge zaidi: milivolti 1.12, na watengenezaji wenyewe wanasema uwe na geini ya desibeli 60 kwenda juu. Kuna watu wamejinyima miezi wakainunua, wakaichomeka kwenye kadi ndogo, wakazungusha mpaka mwisho wakapata sauti ya mtu aliye chumba cha pili huku kelele ya shhh imejaa. Maiki haikuwa feki. Kadi ndiyo haikuwa na pumzi.

Hili limebadilika ndani ya miaka michache, ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ilikuwa na geini ya desibeli 56. Ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, ina 69. Kwa mbali zote ni kiboksi chekundu. Anayekuuzia iliyotumika atakwambia "ni Scarlett" na hajadanganya.

Maiki za kondensa zina hadithi tofauti. Audio-Technica AT2020, mfano mmoja, kwa sauti ileile ya desibeli 94 inatoa milivolti 14, zaidi ya mara saba ya SM58, kwa hiyo priampu haihangaiki. Lakini kondensa inataka ilishwe umeme wa volti 48 kupitia waya wenyewe wa pini tatu, ule unaowashwa kwa kitufe kilichoandikwa 48V. Kadi isiyo na kitufe hicho haitaiamsha. Mtaani zinauzwa kondensa za bei rahisi zikiwa na waya unaoishia kwenye jeki nyembamba ya simu, na kweli nyingine hutoa sauti ukichomeka hivyo kwenye laptopu, sauti hafifu yenye shhh, halafu mtu anahitimisha kuwa maiki za kondensa ni mbovu. Amemlisha ng'ombe kijiko cha majani.

Ushauri wangu kwa nyumba zetu, na hapa prodyuza wenzangu hunibishia: chumba chenye dirisha la nyavu, bati juu bila dari, bodaboda wakipita barabarani na jirani anakaanga samaki, kamata maiki ya dainamiki uisogeze mdomoni kwa vidole vinne. Kondensa ni mmbea, inasikia mpaka ya nyumba ya tatu. Kwa hiyo kadi ya kununua ni yenye geini nyingi kuliko yenye kHz nyingi.

Sasa idadi ya matundu. Kwenye boksi wanaandika "2 kwa 2", na mnunuzi anaelewa kuwa atachomeka maiki mbili. Si lazima. Scarlett Solo inaitwa ya mbili kwa mbili, lakini tundu la maiki ni moja. La pili ni la gitaa au kinanda. Behringer wana UMC22 na UMC202HD, majina yamefanana kama mapacha wa Kurwa na Doto. Ya kwanza ina priampu moja ya maiki, biti 16, mwisho 48 kHz. Ya pili ina priampu mbili na biti 24. Ukitaka kumrekodi bibi na anayemuuliza maswali, kila mmoja na maiki yake, UMC22 na Solo zimeshaondoka kwenye orodha hata kabla hujauliza bei. Anayeimba peke yake na gitaa lake zinamfaa kabisa. Kwaya ya watu kumi na wawili nayo inarekodika kwa maiki mbili zikiwekwa vizuri mbele yao, msifikirie lazima matundu kumi na mawili. Ngoma za kizungu zenye sahani na mabeseni ndizo zinazodai manane.

Gitaa la umeme lina tundu lake, au kitufe kinachobadili tundu liwe la gitaa, mara nyingi kimeandikwa INST. Kisipobonyezwa, gitaa linasikika limefunikwa blanketi, kwa sababu pikapu za gitaa, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja. Mjomba wangu, mpigaji wa bendi za dansi zamani zile, alinigombeza nusu saa kwamba mashine yangu imemlia sauti. Nikabonyeza kitufe. Akapiga nyuzi mbili, akaniangalia, akaendelea kupiga kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuna kosa moja nimeliona mara nyingi mpaka nimeamua kuliandika. Kijana analeta mdundo wa wimbo kutoka kwenye simu au kinanda, anatumia waya wa pande mbili wenye jeki nene moja, anauchomeka kwenye tundu moja la kadi. Alinijia mmoja akiwa amechanganyikiwa: wimbo wake aliousikiliza kwenye simu una vokali, akiurekodi kwenye laptopu vokali inatoweka, inabaki mwangwi kwa mbali na vinanda vya pembeni. Alishaanza kusema kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba tundu lile limetengenezwa kwa waya unaobeba sauti moja mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, na kazi yake ni kutoa ya pili kutoka kwa ya kwanza ili kelele ya njiani ifutike. Ukilipa kulia na kushoto, linatoa kushoto kwenye kulia, na chochote kilicho sawa pande zote mbili, yaani vokali, besi na kiki, kinafutana. Dawa ni waya unaogawanyika jeki mbili, uingie matundu mawili. Unapatikana kwenye maduka ya spika.

Upande wa kusikiliza nauanza na jambo ambalo wauzaji hawalipendi: kama hutarekodi kabisa, usinunue saundi kadi ya kurekodia. Utalipia priampu usizotumia. Kipo kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB-C ambacho ndani kina kigeuzi na kikuzaji cha hedifoni, na baadhi yake, kile cha Apple kikiwemo, vikipimwa vinatoa sauti safi kuliko tundu la laptopu nyingi. Shida ya hicho cha Apple ni kwamba kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo. Kwenye kompyuta kinakwenda vizuri. Vina bei ya chini sana kulinganisha na kadi. Waliobaki, wanaotaka kurekodi na kusikiliza kwa mashine moja, watazame hedifoni zao kwanza.

Hedifoni huandikwa ukinzani wake kwa omu. Audio-Technica ATH-M50x ni omu 38, Sony MDR-7506 ni 63, Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa kwa matoleo kadhaa yakiwemo ya 80 na 250, Sennheiser HD 600 ni 300. Kadi ndogo inayokula umeme wa USB 2.0 pekee inapewa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5 kwa kila kitu: priampu, zile volti 48, vigeuzi na hedifoni. Ikimaliza kugawa, hedifoni ya omu 250 au 300 inapata makombo, na utajikuta umezungusha mpaka mwisho bado unasikiliza kwa kuinamisha kichwa. Kwa kadi za aina hii kaa kati ya omu 32 na 80.

Kinyume chake pia kipo. Tundu la hedifoni la kadi lenyewe lina ukinzani wake, na ukiwa mkubwa, kwa hedifoni za omu chache besi inaweza kuvimba au kubadilika tabia. Mafundi hutumia kanuni ya moja ya nane: hedifoni ya omu 32, tundu lisizidi omu 4. Namba hii hufichwa mno. Wanaoiandika wazi kwenye karatasi zao nawapa alama kabla hata ya kusikiliza. Katika kadi ndogo za kusikilizia na kurekodi, MOTU M2 inasifiwa kwa kigeuzi chake cha kutolea sauti na ina kioo kinachoonyesha vipimo kwa rangi, jambo ambalo ukishalizoea, vile vitaa viwili vya kadi nyingine vinakera.

Wenye sabufa za nyumbani, zile za waya mwekundu na mweupe, zitafanya kazi nyuma ya kadi kwa waya wa jeki nene kwenda RCA, yaani zile ncha nyekundu na nyeupe. Sabufa hizo zimeundwa kuchangamsha sherehe, kwa hiyo zisikilize kwa raha lakini usizitumie kuamua besi ya wimbo wako. Utaipunguza, halafu wimbo ukichezwa kwenye simu ya mtu utakuta besi haipo.

Kuchelewa kwa sauti. Ukiimba huku unajisikia kwenye hedifoni kupitia kompyuta, sauti yako inakusanywa kwenye mafungu, kila fungu likijaa ndipo lipite. Fungu la sampuli 256 (yaani vipimo 256 vya kigeuzi) kwa 48 kHz linachukua milisekunde 5.3, la 512 linachukua 10.7, na unalipa kuingia na kutoka, juu yake na muda wa vigeuzi. Kwa joto letu hewani sauti inakwenda sentimita 35 kwa milisekunde. Kwa hiyo ukiweka 512 utajisikia kama vile unaimba na wewe mwenyewe umesimama mita saba na nusu kutoka ulipo. Wacheza ngoma wa sindimba husikilizana kwa umbali huo na mambo yanakwenda, lakini kwa sauti ya mtu mwenyewe kichwani inachanganya. Watu wanahangaika na hili, wananunua kadi ya bei kubwa, ilhali kadi nyingi, hata ndogo, zina kitufe cha kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijaenda kwenye kompyuta. Kibonyeze, nyamazisha ile ya programu, tatizo limekwisha. Anayepiga kinanda kwa sauti za ndani ya kompyuta, au gitaa lenye madoido ya programu, huyo ndiye mwenye haki ya kulalamikia kuchelewa, na huyo ndiye alipie draiva nzuri, yaani programu inayoiunganisha kadi na kompyuta.

Draiva zenyewe: Mac haina usumbufu. Windows kuanzia ile Windows 10 ya masika ya 2017 inazitambua kadi za kisasa yenyewe kwa kusikiliza, ila kwa kurekodi bila kuchelewa programu nyingi hutaka draiva za ASIO, aina inayopunguza kuchelewa, na si kila kadi inakuja na yake. UMC22 haina, unategemea ASIO4ALL, draiva ya jumla inayofanya kazi siku ikipenda. Laptopu zetu nyingi ni mitumba, nyingine bado zina Windows 7. Kabla ya kutuma hela ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uangalie kama draiva ya mfumo wako ipo. Simu za Android zinakubali kadi za USB tangu toleo la 5, lakini kadi itanyonya betri ya simu kama mtoto wa mbuzi, na nyingine zitakataa kabisa mpaka uweke habu (kigawa-USB) yenye umeme wake. Na USB-C ni umbo la ncha tu. Kadi nyingi zenye ncha hiyo ndani bado ni USB 2.0, na inatosha: USB 2.0 ina megabiti 480 kwa sekunde, sauti ya pande mbili ya biti 24 kwa 48 kHz haifiki hata megabiti 2.5.

Ila waya uangalie. Nyaya za kuchajia simu, baadhi hazina nyuzi za data. Kadi inawaka taa, kompyuta haioni kitu, mtu anairudisha dukani ugomvi unaanza. Tumia uliokuja kwenye boksi.

Kwa huku kwetu kuna kigezo ambacho sijakiona kwenye mapitio ya wazungu. Kadi yangu ya kwanza ilikuwa na adapta yake ya ukutani. Nilikuwa narekodi watoto wa madrasa, kaswida, ubeti wa tatu, wamepata, sauti zimekaa, umeme ukakatika. Laptopu ilibaki hai kwa betri, kadi ikafa, programu ikaganda, ule ubeti ukapotea. Watoto walicheka, ustadhi hakucheka. Tangu siku hiyo nanunua kadi inayokula kutoka kwenye USB peke yake. Na nikagundua kitu: umeme ukikatika ndiyo wakati mzuri wa kurekodi. Feni zimezima mtaa mzima, friji kimya, redio za jirani kimya, na ule mvumo wa "mmmm" kwenye hedifoni unakufa papo hapo.

Mvumo huo ni umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, unaoingia kupitia chaja ya laptopu au kwa vifaa viwili vilivyochomekwa sehemu tofauti. Nyumba nyingi soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya ukuta waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haujaunganishwa popote. Ukigusa bodi ya laptopu ikiwa kwenye chaji na ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye kiganja, ndiyo dalili. Chomoa chaja urekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, kadi yako nzima na usiiuze. Spika na laptopu viwe kwenye ekstensheni moja. Halafu mwite fundi umeme, kwa maana ethi haipo kwa ajili ya muziki.

Na chumvi. Wanaokaa Shangani au Mikindani wanajua bahari inavyokula milango ya chuma. Inakula jeki pia. Zinaota ukungu wa kijani na kitufe cha geini kinaanza kukwaruza kama mchanga. Mimi naiweka kadi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukinunua iliyotumika, vaa hedifoni, zungusha kila kitufe taratibu ukisikiliza mikwaruzo, jaribu matundu yote mawili na maiki, washa 48V ukiwa na kondensa, tikisa kidogo waya wa USB uone kama inakatika. Tundu la USB lililolegea ndilo linaloziua nyingi kuliko kitu kingine.

Yule kijana wa Nanyamba alinirudia na daftari. Upande mmoja: maiki mbili, gitaa siku moja moja. Upande wa pili: hedifoni ya omu 38 aliyopewa na shemeji yake. Umeme wa kusuasua, laptopu ya Windows 10. Baada ya hapo uchaguzi ulijifanya wenyewe: priampu mbili, geini inayovuka desibeli 60, inakula USB tu, ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja. Alipata iliyotumika, akabakiwa na hela ya maiki ya dainamiki ya pili na blanketi zito la kutundika nyuma ya msimuliaji.

Wiki iliyofuata akapiga tena. Kadi inavuma. Nikamwambia achomoe chaja. Kimya kidogo, nikamsikia akicheka peke yake. Akanitumia sekunde thelathini za bibi akiwa ameanza hadithi, sauti nzito, karibu, unamsikia mpaka anavyomeza mate. Nyuma yake, mbali kidogo, jogoo.

"Na hilo la jogoo je, kaka?"

Nikamuuliza ni wa nani.

"Wa bibi."


Nikamwambia arekodi usiku.